Kikombe Kidogo kwa Mwenye Njaa: Jinsi Mwili Uliodhoofika Unavyopokea Chakula cha Mpira

Utangulizi

Katika utamaduni wa Waswahili, kumpa mwenye njaa chakula tele ni alama ya utu. Mgeni hapimiwi wali, na mtoto aliyekonda aghalabu husemwa na kila apitaye kibarazani kuwa anahitaji kushibishwa tu. Kwa sababu hiyo, mama anayetoka Likoni, Kisauni au Changamwe na kumfikisha hospitalini mwanawe aliyedhoofika kwa utapiamlo hupatwa na mshangao mkubwa. Mtoto ambaye mbavu zake zahesabika hupewa maziwa mepesi kiasi cha kikombe cha kahawa chungu, kisha huachwa hadi saa mbili zipite. Asipoweza kunywa, hupitishiwa mpira mwembamba puani hadi tumboni, na kupitia mpira huo humiminiwa kiasi kile kile kidogo. Sima, mayai na samaki aliopikiwa na nyanya yake hurudishwa nyumbani.

Si ajabu basi kusikia minong'ono wodini kwamba hospitali ina ubahili, au kwamba mtoto akishawekwa mpira hana siku nyingi. Wapo wanaomlisha mtoto kwa siri usiku, na wapo wanaomwondoa kabla ya wakati. Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili yanayotokea ndani ya mwili wa mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu pindi anapoanza kulishwa. Hoja yetu ni moja: uchache wa chakula hicho cha mwanzo si ukatili wala uzembe, bali ni sehemu ya dawa yenyewe. Anayeuzidisha kwa huruma huenda akamuua anayemhurumia.

Mwili unavyobana matumizi

Tuanze na njaa yenyewe. Mtu anapokula wanga, kama vile sima, wali au mhogo, chakula hicho husagwa na kuwa glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini ambayo kazi yake ni kuzifungulia seli mlango ili ziipokee glukosi hiyo. Inayobaki huwekwa akiba katika ini na misuli kwa umbo la glaikojeni. Akiba ya ini haidumu zaidi ya siku moja hivi. Kwa mtoto mdogo aliye mgonjwa huweza kuisha kwa saa chache tu.

Akiba hiyo ikiisha, insulini hupungua na mwili hugeukia mafuta. Ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo huweza kuzitumia badala ya glukosi. Wakati huo huo misuli huanza kumeng'enywa ili protini yake itumike. Hapo ndipo mikono na mapaja hunyauka, na ngozi ya makalio ikaning'inia kama suruali iliyompwaya mvaaji. Misuli inayoliwa si ya mikono na miguu pekee. Moyo nao ni msuli, nao hupungua.

Njaa ikiendelea kwa majuma na miezi, umetaboli, yaani jumla ya shughuli zote za kikemia zinazouendesha mwili, hupunguzwa kasi. Twaweza kuufananisha mwili huo na nyumba iliyopoteza pato. Kwanza huzimwa taa za vyumba visivyotumika, kisha milo hupunguzwa, na hatimaye ukarabati wa paa huahirishwa. Moyo hupiga kwa unyonge, figo hushindwa kutoa chumvi na maji ya ziada, utumbo hupoteza baadhi ya vimeng'enya vyake, na joto la mwili hushuka. Hata kinga hunyamaza: mtoto wa namna hii huweza kuwa na maambukizi makubwa bila kuwa na homa.

Jambo la nne, ambalo halionekani kwa macho, ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Katika utando wa kila seli mna pampu ndogo mno zinazosukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hizi hula nishati nyingi, kwa hiyo nazo hupunguzwa. Sodiamu hujaa ndani ya seli, ilhali potasiamu, magnesiamu na fosfati huvuja na kupotea katika mkojo na kuhara. Kipimo cha damu huweza kuonyesha kiwango cha kawaida, kumbe ghala lenyewe ni tupu. Hivyo basi, mtu mwenye njaa ya muda mrefu hakosi chakula tu. Anakosa pia vile vitu ambavyo mwili huvihitaji ili uweze kukitumia chakula.

Mshtuko wa shibe

Sasa na tuone hutokea nini mtu huyu anapopewa sinia la wali. Glukosi hupanda ghafla, na insulini iliyokuwa imelala huamka na kufurika. Seli zilizofunga milango kwa majuma huifungua yote kwa pamoja. Zinapovuta glukosi, huvuta pia fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka katika damu, kwa kuwa kila hatua ya kuigeuza glukosi kuwa nishati inahitaji madini hayo. Kwa vile ghala lilikuwa tupu, kiwango cha madini katika damu huporomoka kwa saa au siku chache tu.

Madhara yake ni makubwa. Fosfati ikipungua, misuli ya kupumua hulegea na seli za damu hushindwa kuachilia oksijeni ipasavyo. Potasiamu na magnesiamu zikishuka, moyo hupoteza mdundo wake na huweza kusimama. Insulini huzifanya figo zihifadhi chumvi na maji, na mzigo huo wote huangukia moyo uliokwisha kukonda. Aidha, vitamini iitwayo thiamini, ambayo ni lazima iwepo ili wanga uchomwe, huisha upesi, na ukosefu wake huudhuru ubongo na moyo. Haya yote hutokea hasa katika siku 3 hadi 5 za mwanzo, yaani wakati ule ule ambao jamaa wanafurahi kwamba mgonjwa sasa anakula.

Wataalamu wameijua hali hii tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Majeshi ya Uingereza yalipoikomboa kambi ya Bergen-Belsen huko Ujerumani mnamo Aprili 1945, maelfu ya mateka waliendelea kufa hata baada ya ukombozi, na miongoni mwa sababu ilikuwa chakula kizito ambacho miili yao haikukiweza. Huko Marekani, Ancel Keys alifanya jaribio kati ya mwaka 1944 na 1945 ambapo wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita, kisha wakalishwa upya chini ya uangalizi. Ilibainika kwamba kurudi kutoka katika njaa ni safari yenye hatari zake, wala si kuirudia tu njia ya kwenda. Mwaka 1981, waganga wawili wa Marekani, Weinsier na Krumdieck, walieleza vifo vya wagonjwa waliokuwa wamekonda sana, ambao walikuwa wamelishwa kwa wingi mno kupitia mishipa ya damu.

Kiswahili hakina istilahi iliyozoeleka ya hali hii. Tunapendekeza iitwe mshtuko wa shibe. Jina hili lina faida ya kumfanya msikilizaji aulize: shibe nayo huwezaje kushtua? Na swali hilo ndilo mlango wa maelezo.

Mpira na maziwa yake

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1999 mwongozo wa kutibu utapiamlo mkali, na misingi yake ndiyo ambayo Wizara ya Afya ya Kenya imeifuata katika miongozo yake kwa hospitali. Matibabu yana awamu mbili kuu. Katika awamu ya kwanza, ya kumtuliza mgonjwa, mtoto hupewa maziwa maalumu yaitwayo F-75, kwa maana kwamba kila mililita 100 zina kilokalori 75. Protini yake ni kidogo, chini ya gramu moja kwa mililita 100, na chumvi yake ni haba. Kiasi chake ni mililita 130 kwa kila kilo ya uzani kwa siku. Mtoto aliyevimba sana hupewa mililita 100 kwa kilo, maana uzani wake una maji ndani.

Tuchukue mfano wa mtoto wa kilo 6. Kwa siku atapata mililita 780, zenye kilokalori zipatazo 585. Zikigawanywa katika milo 12, kila saa mbili atapata mililita 65. Hicho ndicho kikombe cha kahawa tulichokitaja mwanzoni. Ukikitazama peke yake ni kidogo, lakini mara 12 kwa siku, mchana na usiku, ni haba na haba iliyojaza kibaba. Milo ya usiku ndiyo ya maana zaidi, kwani mtoto asiye na akiba katika ini lake huweza kuishiwa sukari alfajiri na kufa akiwa kana kwamba amelala.

Mpira huingia pale mtoto anaposhindwa kumaliza asilimia 80 ya kiasi chake katika milo miwili au mitatu mfululizo, au anapokuwa amelegea mno, au ana vidonda vya mdomo. Huendelea kupewa kikombe kwanza, na kinachobaki ndicho kinachopitishwa katika mpira. Muuguzi huhakikisha kabla ya kila mlo kwamba ncha ya mpira imo tumboni na haikuingia mapafuni. Kisha maziwa huachwa yashuke yenyewe polepole bila kusukumwa. Pengine msomaji atauliza kwa nini asitundikiwe tu chupa ya maji katika mshipa. Jibu ni kwamba moyo dhaifu huweza kuzama kwa maji hayo. Ndiyo maana hutumiwa hasa kwa mtoto aliyezimia kwa upungufu mkubwa wa maji. Tena utumbo hupona kwa kutumiwa, na mpira huupa kazi hiyo.

Hapa pana jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kukosa hamu ya kula ni mojawapo ya dalili za mtoto aliyedhoofika, na kwa kiasi fulani ni mlinzi wake. Mwili usioweza kukitumia chakula hukikataa. Mpira humpita mlinzi huyo. Hauulizi kama mtoto ana hamu, wala mtoto hawezi kugeuza uso na kusema basi. Kwa hivyo pale mpira unapotumiwa, kipimo ndicho kinachochukua nafasi ya mlinzi. Anayeongeza uji kwa siri katika mpira ameuvunja mlango uliobaki.

Pamoja na maziwa, mtoto hupewa potasiamu na magnesiamu za ziada, vitamini, na dawa za kuua bakteria hata kama hana homa. Madini ya chuma hayatolewi katika siku za mwanzo, ingawa mtoto ni mweupe wa viganja kwa upungufu wa damu, kwa sababu mwili bado hauna uwezo wa kuyahifadhi salama na huweza kuchochea maambukizi.

Hamu ikirudi na uvimbe ukianza kuisha, aghalabu katika juma la kwanza, mtoto huvuka kwenda awamu ya pili. Maziwa ya F-100, yenye kilokalori 100 na protini karibu gramu 3 kwa mililita 100, huchukua nafasi ya F-75, lakini kwa siku mbili kiasi hubaki kile kile. Siku hizi aghalabu hutumiwa siagi maalumu ya njugu, kama Plumpy'Nut iliyobuniwa na Mfaransa André Briend katika miaka ya 1990. Kisha huongezwa kidogo kidogo. Wauguzi huhesabu mapigo ya moyo na pumzi kila saa nne: mapigo yakizidi kwa 25 na pumzi kwa 5 katika dakika moja, na hali hiyo ikidumu, chakula hupunguzwa mara moja. Mambo yakienda sawa, mtoto wetu wa kilo 6 ataongeza gramu 60 au zaidi kwa siku. Hapo sasa huruma ya nyanya huruhusiwa, na samaki, mbaazi na mayai hukaribishwa.

Utafiti uliofanyika Mombasa

Elimu hii haikuletwa tu Pwani; imeulizwa maswali papa hapa. Kati ya Desemba 2014 na Desemba 2015, watafiti walijaribu aina mpya ya F-75 katika hospitali tatu: Coast General ya Mombasa, ambayo wenyeji wengi huiita Makadara, hospitali ya kaunti ya Kilifi, na hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi. Watoto 843 walihusishwa. Hoja ya watafiti ilitokana na yale tuliyoyaeleza: ikiwa wanga ndio unaoamsha insulini, na ikiwa utumbo ulionyauka hauwezi kusaga sukari ya maziwa, je, maziwa yenye wanga mchache na yasiyo na sukari hiyo hayatamtuliza mtoto upesi zaidi?

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Maziwa mapya hayakupunguza siku za kutulia. Watoto wa makundi yote mawili walikwenda mwendo ule ule. Yamkini wengine wataona kwamba huko ni kushindwa. Kwetu ni somo. Hata hoja yenye mantiki nzuri haina budi kupimwa, na mwili uliodhoofika hauna njia ya mkato ya kupona. Pia ni vyema wakazi wa Mombasa wafahamu kwamba kikombe wanachokishuku kimepimwa katika wodi zao wenyewe.

Njaa ya watu wazima

Mshtuko wa shibe hauwahusu watoto tu. Mnamo Aprili 2023, taifa liligutushwa na habari za msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako watu walikuwa wamefunga hadi kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Baadhi ya waliookolewa wakiwa hai waliendelea kukataa chakula, na mwezi Juni mwaka huo 65 kati yao walifikishwa katika mahakama ya Shanzu, huku huku Kisauni, wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua.

Mjadala wa umma wakati ule ulikuwa kuhusu imani na sheria, nao ulistahili. Hata hivyo, swali la kitabibu nalo lilikuwa zito: mtu kama huyo alishweje? Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2006 unashauri kwamba mtu mzima aliye katika hatari kubwa aanze na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, na walio hoi kabisa nusu ya hizo, huku akipewa thiamini kabla ya mlo wa kwanza. Kwa mtu wa kilo 40, kilokalori 400 ni chini ya sahani moja ya wali wa nazi kwa siku nzima. Msamaria mwema aliyekutana na mtu wa namna hiyo njiani na kumnunulia chakula cha kushiba angekuwa ametenda wema wenye hatari.

Lugha kama sehemu ya tiba

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi gani katika mambo haya? Tunaamini nafasi yake ni kubwa, kwa kuwa mama huingia wodini akiwa tayari ana maelezo, nayo yamo katika maneno. Katika Kiswahili husemwa kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamekiuka mwiko wa unyumba wakati wa kunyonyesha. Miongoni mwa Wamijikenda, ambao ni wengi katika Likoni na Kisauni, kuna chirwa, maradhi ya mtoto kukonda au kuvimba yanayohusishwa na uzinzi wa mzazi. Maneno haya mawili humtia mama katika kizimba. Akimpeleka mtoto hospitalini, anahisi amejitangaza. Hivyo huchelewa, na mtoto hufika akiwa hawezi tena kunywa ila kwa mpira. Mpira unapofuatwa na kifo, lawama huwa za mpira.

Linganisha na neno kwashiorkor, ambalo daktari Cicely Williams alilichukua kutoka lugha ya Kiga ya Ghana na kulitumia katika jarida la kitabibu mwaka 1935. Neno hilo huhusishwa na ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi mwingine anapozaliwa. Halimtuhumu mzazi kwa dhambi; laeleza kilichotokea mezani na kifuani. Neno letu unyafuzi nalo halina tuhuma, lakini ni wachache wanaolitumia nje ya vitabu. Ikiwa wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii watakuwa na maneno yanayoeleza bila kushtaki, mama atafika mapema, na atakubali kikombe kidogo.

Kwa vitendo, ni muhimu yafuatayo yafahamike katika kila mtaa. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba nyayo zote mbili, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, kiwe hospitali ya Likoni, ya Port Reitz kule Changamwe, au zahanati iliyo karibu. Ikiwa yu macho na anaweza kumeza, apewe njiani kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichokorogwa katika vijiko vitatu na nusu vikubwa vya maji, maana foleni ya feri haijui kwamba sukari yake inashuka. Afunikwe vizuri asipate baridi. Asilazimishwe kula mlo mkubwa ili apate nguvu ya safari.

Hitimisho

Tumeona kwamba njaa ya muda mrefu huubadilisha mwili, ukajifunza kuishi kwa kidogo, na kwamba kuurudisha kunahitaji kidogo kilichopimwa, mara nyingi, usiku na mchana. Tumeona pia kwamba mpira wa puani si tangazo la kifo, bali ni njia ya kumfikishia mtoto kipimo hicho pale ambapo mdomo umeshindwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa mtoto wa F-75 msemo huo ni fiziolojia tupu. Kazi iliyobaki ni ya wenye lugha. Jarida hili husomwa na walimu na wafasiri wa kesho. Wao ndio watakaoandika mabango ya wodini na kufasiri maneno ya daktari kwa mama. Hawana budi kulifanya hilo kwa Kiswahili kitakachomfanya mama akishike kile kikombe kidogo bila aibu na bila shaka.